Injini Inapochemsha: Kutafuta Chanzo na Kurekebisha

Lori lenye mzigo linapopanda Kitonga, injini huchoma mafuta mengi huku mwendo ukiwa mdogo, na upepo unaopita kwenye rejeta ni hafifu. Hapo ndipo kasoro iliyojificha tambarare hujitokeza. Ukiulizwa sababu za injini kuchemsha, usiandike "maji yamekwisha" ukaishia hapo. Eleza maji yamekwenda wapi.

Kumbuka kwanza nadharia. Takriban robo hadi theluthi tu ya nishati ya petroli hugeuka kuwa kazi. Inayobaki ni joto: sehemu hutoka na moshi, sehemu huchukuliwa na maji yanayosukumwa na pampu kuzunguka silinda hadi kwenye rejeta. Kilo 6 za maji zikipanda kutoka 30°C hadi 90°C huchukua 6 × 4200 × 60 = 1,512,000 J. Vimiminika vichache hubeba joto kiasi hicho.

Mfuniko wa rejeta hauzuii maji kumwagika tu. Hushikilia kanieneo, na kanieneo ikiongezeka kiwango cha kuchemka hupita 100°C. Ndiyo maana mfuniko uliolegea peke yake waweza kuchemshisha gari. Ndiyo maana pia hufungui mfuniko injini ikiwa ya moto: kanieneo hushuka ghafla, maji hugeuka mvuke papo hapo na kukuunguza uso. Zima injini, usubiri ipoe. Wala usimwage maji baridi kwenye injini iliyochemka, kwa maana chuma kinachosinyaa bila ulingano hupasuka.

Sasa tafuta chanzo. Jiulize gari huchemsha lini. Likichemsha kwenye foleni lakini likapoa barabara ikifunguka, shuku feni: mkanda umelegea, au mota ya feni ya umeme haizunguki. Likichemsha kwenye mwendo kasi au mlimani, shuku rejeta iliyoziba kwa kutu na chokaa. Isafishe au ibadilishe. Likichemsha mapema huku bomba la juu la rejeta likiwa bado baridi, huenda themostati imekwama ikiwa imefunga. Itoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Nzima huanza kufunguka karibu na 82°C hadi 90°C. Mafundi wengine huitupa na kuendelea bila hiyo. Si tiba: injini hukawia kupata joto lake na hula mafuta zaidi.

Kesi ngumu ni maji yanayopungua bila tone kuonekana chini. Chomoa kijiti cha oili. Ikiwa oili imekuwa kama chai ya maziwa, au moshi mweupe unaendelea kutoka hata injini ikishapata joto, gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo kuongeza maji hakusaidii. Hedi hufunguliwa, hukaguliwa kama imepinda, na gasketi mpya hufungwa.