Vitamini D: Kipimo Kikizidi Huwa Sumu kwa Nguruwe

Huko Lodwar na Kakuma jua huwaka mwaka mzima, na mbuzi, kondoo na ngamia wa Waturkana hushinda malishoni. Mwanga wa jua ukiipiga ngozi, mwili hujitengenezea vitamini D, ambayo huusaidia kufyonza madini ya chokaa yaliyomo katika chakula. Mnyama mchanga anayeikosa hupatwa na matege.

Nguruwe si mnyama wa asili katika malisho ya Turkana. Anayemfuga katika nchi ya joto hana budi kumjengea banda lenye paa, maana hatoki jasho la kumpoza, na ngozi yake huungua upesi. Kwa kuwa kivulini hapati jua la kutosha, chakula chake hutiwa vitamini D. Jambo hilo ni jema, lakini kipimo chake ni kidogo: nguruwe anayekua huhitaji yuniti 150 hadi 220 tu kwa kila kilo ya chakula. Mwaka 1987 wataalamu wa Marekani walitaja yuniti 2,200 kuwa upeo kwa nguruwe anayelishwa zaidi ya siku 60.

Huenda msomaji akauliza: mbona jua kali haliwadhuru mbuzi kwa vitamini hiyo? Jibu ni kwamba ngozi ina kizuizi chake. Vitamini ikitosha, jua lenyewe huigeuza ziada kuwa vitu visivyo na nguvu. Lakini vitamini iliyomezwa haina kizuizi hicho; huingia mwilini na kuwekwa akiba katika mafuta.

Ikizidi, chokaa hujaa katika damu, kisha huganda mahali pasipostahili: katika moyo, mishipa ya damu, mapafu, figo na tumbo. Nguruwe huacha kula, hutapika, huhema kwa shida, na huenda akafa. Vitamini D3 hiyohiyo, kwa wingi, hutumiwa kuulia panya.

Basi mfugaji asidhani kwamba kijiko cha pili kitamnenepesha mnyama upesi. Na apime kwa mizani, si kwa kiganja, wala asiongeze vitamini katika chakula kilichokwisha kutiwa kiwandani. Dalili zikionekana, aondoe chakula hicho mara moja na kumwita daktari wa mifugo, maana chokaa ikishaganda moyoni si rahisi kuiondoa.