Misuli kutoka chungu cha makande

Kunenepa na kujenga misuli ni mambo mawili. Anayekula kuliko anavyotumia huongezeka uzito hata kama haondoki kitini, ila sehemu kubwa ya uzito huo huwa mafuta. Misuli huongezeka pale mambo matatu yanapokutana: kazi nzito ya kuishughulisha, protini ya kuijengea, na chakula cha kutosha ili mwili usiiteketeze protini hiyo kwa kutafuta nguvu za kuendea siku. Hakuna hata moja kati ya hayo linalodai nyama. Kinachomsumbua zaidi mla mboga ni ujazo wa chakula: tumbo hushiba kabla hesabu haijatimia.

Msuli unavyokua

Msuli ni mafungu ya nyuzi, na ndani ya kila uzi mna protini mbili kuu, aktini na miosini, zinazopishana kila msuli unapojikaza. Karibu robo tatu ya uzito wa msuli ni maji. Protini ni kama sehemu moja kwa tano. Kila siku mwili hubomoa kiasi cha protini hizo na kujenga nyingine. Mtu akiubebesha msuli mzigo kuliko uliouzoea, ujenzi hupanda na kukaa juu kwa siku moja hadi mbili, na protini inayoliwa katika muda huo hutumika kujengea.

Mzigo si lazima uwe vyuma vya jim. Pushapu, kujivuta kwenye boriti, au kuchuchumaa na kuinuka huku umebeba ndoo ya lita 20, ambayo ikijaa maji ina kilo 20, hufanya kazi hiyohiyo. Sharti ni kwamba mzigo au idadi ya marudio iongezeke kadiri wiki zinavyopita, na kila kundi la misuli lifanyiwe kazi angalau mara mbili kwa wiki. Asiyeongeza mzigo hubaki alipo, hata akila vizuri namna gani.

Wenye nguvu wasiokula nyama si jambo geni. Mifupa ya wapiganaji wa Kirumi iliyofukuliwa Efeso, katika Uturuki ya leo, ilipochunguzwa na matokeo kutangazwa mwaka 2014, ilionyesha kuwa chakula chao kilikuwa zaidi nafaka na mikunde. Warumi wenyewe waliwatania kwa jina la walaji shayiri, na tabibu Galen, aliyewatibu wapiganaji huko Pergamo, alilalamika kuwa mikunde iliwafanya wawe na mwili teketeke. Karne nyingi baadaye, mwaka 1971, Mmarekani Bill Pearl alitwaa taji la Mr. Universe akiwa na umri wa miaka 40 hivi. Wakati huo alikwisha acha nyama, akitegemea maziwa, mayai, nafaka na mikunde.

Ushahidi wa maabara nao upo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha São Paulo, Brazil, walitoa matokeo ya jaribio la vijana 38 wa kiume. Nusu yao hawakula kitu chochote cha mnyama, nusu walikula kila kitu. Wote walipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wao, kundi la kwanza likijazia kwa protini ya soya na la pili kwa protini ya maziwa, na wote walifanya mazoezi ya miguu mara mbili kwa wiki. Baada ya wiki 12, misuli na nguvu viliongezeka kwa makundi yote mawili bila tofauti ya maana.

Mahindi na maharage

Protini hujengwa kwa amino asidi 20. Tisa kati ya hizo mwili wa mtu mzima hauwezi kuzitengeneza vya kutosha. Lazima zitoke kwenye chakula. Nyama, maziwa na mayai huzileta zote kwa uwiano mzuri. Mimea mingi nayo inazo zote, lakini kila mmoja una pengo lake. Mahindi yana upungufu wa lisini na triptofani. Maharage yana lisini tele, ila yamepungukiwa methionini, ambayo nafaka inayo.

Makande ya Tanzania na githeri ya Kenya, kwa hiyo, ni zaidi ya chakula cha kujaza tumbo. Chungu kimoja cha mahindi na maharage huziba pengo la kila upande. Ndivyo ulivyo pia mseto wa mchele na choroko, chapati kwa dengu ya Wahindi, na mahamri kwa mbaazi za nazi katika kifungua kinywa cha Mombasa. Mwaka 1971 mwandishi Frances Moore Lappé alieneza wazo kwamba vyakula vya namna hii lazima viliwe katika mlo mmoja. Miaka kumi baadaye alilisahihisha: anayekula vyakula mbalimbali vya kutosha kwa siku nzima hana haja ya kuvipanga hivyo.

Kwa anayejenga misuli, kiwango kinachotumiwa sana ni gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku, yaani mara mbili ya kile kinachopendekezwa kwa mtu mzima wa kawaida. Mwenye kilo 60 atahitaji kama gramu 96, zikigawanywa katika milo mitatu au minne.

Tatizo la ujazo

Hapa ndipo mikunde na nyama zinapoachana. Gramu 30 za protini zinapatikana katika gramu 110 hivi za nyama ya mbuzi iliyopikwa, kipande kinachoenea kiganjani. Kuzipata kutoka kwenye maharage yaliyopikwa kunataka gramu 350, bakuli lililojaa, lenye maji na nyuzinyuzi zinazoshibisha mapema. Anayetaka kupunguza uzito angelifurahia bakuli hilo, lakini mwembamba anayetaka kuongezeka linamshinda njiani.

Uji ni mfano mzuri. Kikombe cha uji mwepesi hubeba gramu 25 hivi za unga, yaani kama kilokalori 90 tu. Kilichobaki ni maji. Kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga kikikorogwa humo huongeza karibu kilokalori 95. Ni sawa na kuongeza kikombe kizima cha uji bila tumbo kuhisi. Kazi kama hiyo hufanywa na tui zito la nazi, parachichi, ufuta, korosho, na mafuta ya kupikia, ambayo kijiko chake kikubwa kina kilokalori 120 hivi.

Njia nyingine ni kimea, unga wa mtama au ulezi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Nafaka inapoota hutoa kimeng'enya kinachokata wanga. Kijiko cha kimea kikikorogwa kwenye uji mzito uliopoa kidogo, uji uliokuwa ukishika mwiko hulainika baada ya dakika chache hadi ukanyweka, kisha hurudishwa motoni uchemke. Unga katika kikombe unakuwa mwingi zaidi, na uji bado unapita kooni. Ndiyo siri ya togwa pia.

Siku moja ya mlo

Asubuhi, uji wa ulezi wa gramu 80 za unga, glasi ya maziwa, vijiko viwili vya siagi ya karanga na mayai mawili hutoa gramu 34 hivi za protini. Mchana, wali wa gramu 100 za mchele na gramu 250 za maharage yaliyopikwa, pamoja na mchicha, huleta gramu 28. Alasiri, gramu 50 za karanga zina gramu 13. Usiku, makande ya gramu 80 za mahindi na 80 za maharage makavu, yakiungwa kwa tui, huongeza gramu 24. Jumla ni karibu gramu 99 za protini, na pamoja na mafuta ya kupikia, kama kilokalori 2,700. Asiyekula mayai wala maziwa anaweza kuweka soya badala yake: soya kavu ina gramu 36 za protini kwa kila gramu 100. Soya isiliwe mbichi, kwa kuwa ina kizuizi cha usagaji wa protini ambacho huharibiwa na moto. Maharage nayo hulowekwa usiku kucha, maji yake yakamwagwa, kisha huchemshwa barabara; hivyo gesi tumboni hupungua.

Mambo ya kuangalia

Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Anayekunywa maziwa na kula mayai huipata. Asiyegusa hata vyakula hivyo anahitaji vidonge au chakula kilichoongezewa. Madini ya chuma ya mimea hufyonzwa kwa shida, lakini ndimu iliyokamuliwa kwenye mboga huyasaidia, na chai inayonywewa pamoja na mlo huyazuia. Chai ingoje saa moja. Kreatini, inayopatikana kwenye nyama, huwa chache katika misuli ya wala mboga, ingawa mwili hujitengenezea kama gramu moja kwa siku. Wanaotaka huitumia ya unga, gramu 3 hadi 5 kwa siku. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kabla ya kuongeza protini au kreatini.

Mizani ipandwe mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula. Kwa mwenye kilo 60, ongezeko la gramu 150 hadi 300 kwa wiki linatosha. Likikosekana kwa wiki mbili, kijiko cha karanga au mafuta kiongezwe kwenye kila mlo; kiuno kikipanuka mbele ya mikono, kijiko hicho kipunguzwe. Anayekonda ilhali anakula vizuri hana tatizo la mboga: apimwe kifua kikuu, kisukari na tezi ya shingo kabla ya kulaumu sahani.