Adabu ya Kujadiliana kwa Barua Pepe: Neno Likitoka Halirudi

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Walinena hayo zama ambazo neno la mtu halikuvuka ua wa nyumba yake ila kwa kuchukuliwa na jirani. Siku hizi askari aliyeketi juu ya kitanda chake bwenini, simu ikiwa kiganjani, aweza kuandika neno moja nalo likawafikia watu mia mbili kabla hajavua viatu. Baadhi yao anawajua. Wengine hajapata kuwaona kwa macho. Ndiyo sababu leo tumependa kuzungumza na ndugu zetu wa jeshi na polisi juu ya adabu ya makundi ya barua pepe, yaani yale majadiliano ambamo barua ya mmoja huwafikia wote, na jibu la mmoja laweza kuwafikia wote vilevile.

Makundi ya namna hii yamo kila mahali. Yapo ya watu waliohitimu kozi pamoja, ya wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, ya askari wanaosoma kwa njia ya posta na mtandao, na ya maofisa wa nchi mbalimbali waliopata kutumika pamoja. Faida zake hazihitaji kuelezwa kwa kirefu. Swali lililoulizwa asubuhi hujibiwa kabla ya chakula cha mchana na mtu aliye ng'ambo ya bahari. Lakini kila penye wengi pahitaji utaratibu, nasi tunaoishi kwa utaratibu tusiwe wa kwanza kuusahau.

Huenda wengine wakadhani kwamba mambo haya ni ya raia wa maofisini, hayawahusu wenye magwanda. Sivyo. Barua pepe ilikua ndani ya mtandao uliogharimiwa na Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ulioitwa ARPANET, ambao ulianza kazi mwaka 1969. Mwaka 1971 mhandisi mmoja, Ray Tomlinson, alituma barua ya kwanza ya mtandao huo kutoka kompyuta moja hadi nyingine, naye ndiye aliyeichagua alama ya @ ambayo hata leo hutenganisha jina la mtu na mahali barua yake inapopokelewa. Mwaka 1975 likaanzishwa katika mtandao huo kundi la wataalamu waliojadiliana kwa barua juu ya huduma yenyewe ya barua. Walikuwa watu wenye elimu na heshima zao, lakini kundi lao halikukosa mabishano makali.

Sababu ya mabishano hayo si ngumu kuielewa. Mtu anapozungumza nasi ana kwa ana, tunauona uso wake na kuisikia sauti yake, tukajua kama anatania au amekasirika. Barua haina uso wala sauti. Mwezi Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, mtu mmoja aliandika mzaha juu ya zebaki iliyomwagika ndani ya lifti. Wenzake waliosoma waliudhani kuwa onyo la kweli la hatari. Ndipo mwalimu mmoja wa chuo hicho, Scott Fahlman, akapendekeza kwamba mwenye kutania aweke alama ya uso unaocheka, iliyofanywa kwa nukta mbili, kistari na mabano. Vile vinyago vya nyuso vilivyojaa katika simu zetu leo vina jamaa yao wa zamani katika mkasa huo.

Mwaka 1995 wataalamu wa mtandao walitoa waraka wa kanuni za adabu, ulioandikwa na Bibi Sally Hambridge wa kampuni ya Intel. Vyombo vimebadilika tangu siku hizo, lakini tabia za watu hazikubadilika, na mengi yaliyomo yanafaa mpaka leo. Tulipousoma tulistaajabu kuona jinsi unavyokaribiana na yale tuliyofundishwa katika chuo cha kadeti juu ya kutumia redio ya mawasiliano. Mwenye redio hufundishwa kwamba asikilize kwanza kama kuna anayesema. Kisha afikiri atakalosema. Kisha abonyeze, aseme kwa ufupi, na kuachia. Anayekalia kitufe huwaziba wote, pamoja na yule mwenye majeruhi anayeomba msaada.

Basi na tuyatazame mambo makuu, moja baada ya jingine.

La kwanza ni kusikiliza kabla ya kusema. Waraka ule unamshauri mgeni wa kundi asome barua za wenzake kwa mwezi mmoja hata miwili kabla ya kuandika yake ya kwanza. Huenda muda huo ukaonekana mrefu, lakini maana yake ni njema. Askari aliyehamishiwa kikosi kipya haanzi siku ya kwanza kukosoa gwaride. Hutazama nani ni nani, desturi ni zipi, na maswali gani yamekwisha kujibiwa.

La pili ni kujua unamjibu nani. Mahali hapa ndipo wengi walipoangukia. Katika barua pepe kipo kitufe cha kumjibu aliyeandika, na kipo cha kuwajibu wote. Vimekaa karibu karibu, lakini matokeo yake yako mbali kama mbingu na ardhi. Mwezi Oktoba 2007 msomaji mmoja wa taarifa za kila siku za Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani aliomba jambo dogo kuhusu anwani yake. Jibu lake likawaendea wote waliopokea taarifa hizo. Mwingine akaandika kuuliza kwa nini ameletewa barua ile. Wa tatu akawataka wote wanyamaze, naye akaituma amri hiyo kwa wote. Ujumbe uliopita siku hiyo ulizidi milioni 2, na watu wa kazi za usalama wakajikuta wametangaza majina na anwani zao kwa wasiowajua. Uingereza nayo iliyaona hayo mwezi Novemba 2016, barua moja ya majaribio ilipowaendea watumishi zaidi ya 800,000 wa huduma ya afya. Wengi walijibu kwa wote wakiomba waondolewe, na mfumo mzima ukazorota. Ajabu ya mikasa hii ni kwamba moto ulikuzwa na wale waliodhani wanauzima. Ukiona kundi limeingia katika fujo ya namna hii, msaada wako mkubwa ni kukaa kimya.

Sisi wenyewe hatuko juu ya kosa hili. Tulipokuwa luteni mpya, sajini mmoja wa ghala, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, aliwaandikia watu wapatao sitini hesabu ya viatu vilivyogawiwa. Tuliona kwamba jumla haikulingana na idadi iliyoagizwa. Tukataka kumwandikia rafiki yetu maneno ya dhihaka juu ya wazee wasiojua kuhesabu. Tukabonyeza kitufe cha wote. Usiku ule hatukulala vizuri. Kulipokucha tulikwenda ghalani. Mzee yule alisimama, akatoa heshima, akasema, "Afande, ungeniuliza, ningekuonyesha daftari." Akalifungua. Hesabu yake ilikuwa sahihi; makasha mawili yalikuwa hayajafika. Tulimwomba radhi pale pale, lakini aibu aliyoipata ilikuwa mbele ya watu sitini, nasi tukaona haitoshi kuimalizia ghalani. Tukaandika tena kwa wale wale sitini kwamba hesabu ya sajini ni sahihi na kosa ni letu. Kanuni ya waraka wa 1995 ni hiyo hiyo: barua ya faragha ikipotea njia na kuingia kundini, mwombe radhi aliyehusika, na kundi pia.

La tatu ni hasira. Usiandike jibu ukiwa umekasirika. Na ukiwa umekwisha kuliandika, liache lilale mpaka asubuhi. Maneno yaliyosemwa kwa hasira kantini husahauliwa baada ya siku mbili, lakini yaliyoandikwa hubaki, huhifadhiwa na hutumwa mbele. Ugomvi ukiwa baina ya watu wawili, na waandikiane wao wawili, au bora zaidi waonane. Kundi si uwanja wa ngumi. Na asiwepo mwenye kuandika barua nzima kwa herufi kubwa, maana katika desturi ya mtandao huko ni kupiga makelele.

La nne ni ufupi na utaratibu. Barua iwe na kichwa kinachosema jambo lililomo. Mazungumzo yakihama kutoka mazishi kwenda mikopo, kichwa nacho kihame. Unapomjibu mtu, bakiza maneno yake machache unayoyajibu, usirudishe barua yote yenye kurasa tatu ili kuongeza neno "sawa" chini yake. Kumbuka kwamba mwenzako huenda yuko kituoni ambako mawimbi ni haba na kila picha kubwa unayoituma inamla fedha.

La tano ni cheo. Katika kundi la mchanganyiko, koplo na kanali husoma barua moja. Mdogo asitumie umbali kumvunjia heshima mkubwa, wala mkubwa asitumie kundi kumkaripia mdogo hadharani. Ofisa mwema humsifu askari wake mbele ya wenzake, na humwonya wakiwa wawili.

La sita ndilo zito kuliko yote, nalo ni usalama. Waraka ule ulionya zamani kwamba mtu asiandike katika barua pepe neno ambalo asingethubutu kuliandika juu ya postikadi, ambayo kila mkono inamopita waweza kuisoma. Siku hizi ziko njia za kuufunga ujumbe kwa siri ili usisomwe njiani. Lakini hakuna kufuli linalofaa ikiwa mgeni amekaribishwa ndani. Mwezi Machi 2025 wakuu wa serikali ya Marekani walijadiliana katika kundi la programu ya Signal juu ya mashambulizi dhidi ya Wahouthi wa Yemen. Mhariri wa jarida la The Atlantic, Jeffrey Goldberg, alikuwa ameingizwa katika kundi hilo kwa makosa, kutoka simu ya mshauri wa usalama wa taifa, Michael Waltz. Akasoma saa za kuruka kwa ndege kabla mashambulizi hayajaanza. Hakuna adui aliyevunja mlango, wala mtambo haukuharibika. Waliokuwamo hawakuhesabu vichwa kabla ya kusema.

Ikiwa hayo yaliwapata wakubwa wenye wasaidizi na walinzi wengi, sembuse sisi? Habari za safari ya kikosi, zamu za lindo, jina la mtoa habari wa polisi au picha ya silaha hazina nafasi katika kundi lolote la mazungumzo, hata likiwa la watu waliolala bweni moja. Mambo ya kazi yana njia zake zilizowekwa.

Na hapa twapenda kuongeza jambo ambalo waraka wa 1995 haukulitaja, lakini kila askari atalielewa. Mwenzetu akianguka kazini, jina lake lisitiwe kundini mpaka jamaa zake wameambiwa. Upo utaratibu wa kuipeleka habari hiyo: ofisa huenda nyumbani, hubisha hodi, huketi na wazee, husema kwa kinywa chake. Anayetanguliza jina katika kundi, hata kwa nia ya kutoa pole, humnyang'anya mjane haki hiyo. Mwanamke aliyekuwa akichambua mchele hupata kujua kifo cha mumewe kwa salamu za rambirambi kutoka kwa mtu asiyemjua. Kosa la namna hii halina barua ya kuomba radhi itakayolitosha.

Ndugu askari, hatusemi kwamba makundi haya yaachwe. Yametuunganisha na wenzetu waliotawanyika, yamechangisha matibabu, yamewasaidia wengi kufaulu mitihani. Tunachosema ni kwamba nidhamu ya gwaride na ya redio isiishie hapo. Kabla hujatuma, isome tena barua yako tangu mwanzo. Kisha rudi juu, kwenye mstari wa anwani, ukahesabu ni akina nani watakaoisoma. Ikiwa miongoni mwao yumo hata mmoja ambaye usingeweza kumwambia maneno hayo usoni, au ambaye hakupaswa kuyajua, usitume.