NJURI NCHEKE NA SISI VIJANA: TUSHIKE LIPI, TUACHE LIPI?

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tunaiandika kila mara katika insha, mwalimu anatia alama ya vema, halafu tunafunga daftari na maisha yanaendelea. Lakini ni wangapi kati yetu wanaozijua hizo mila zenyewe? Hebu uliza darasani Njuri Ncheke ni nini. Mmoja atakwambia ni wazee wa kuapiza watu. Wa pili atasema ati ni chama cha siasa. Wa tatu atacheka tu. Katika makala haya nitaeleza baraza hili ni nini, limefanya nini, na kwa nini mimi naona halifai kutupwa hata kidogo. Ni vizuri niseme mapema kwamba mimi ni msichana, na Njuri haitaniita kamwe kuketi kati yao. Hata hivyo ninalitetea, kwa masharti.

Njuri Ncheke ni baraza kuu la wazee wa Ameru. Neno 'ncheke' kwa Kimeru ni wembamba, na wazee husema maana yake ni kwamba wanaoingia ni wachache waliochujwa. Mtu hakuzaliwa ndani ya Njuri. Kijana alitahiriwa, akawa shujaa, akaoa, akalea watoto, akaingia katika kiama cha kawaida cha kijijini, na huko akatazamwa miaka na miaka. Je, ana hasira? Anapenda kula vya watu? Siri anaiweka? Aliyeonekana ana busara ndiye aliyeitwa mbele. Makao yao makuu yako Nchiru, Tigania, kando ya barabara ya kutoka Meru kwenda Maua. Jirani zetu wa Embu nao wana baraza lao, Nyangi Ndiriri. Kwa hivyo jambo hili si la Ameru peke yao.

Kazi ya Njuri ilikuwa kutunga sheria, kuamua kesi na kulinda mali ya jamii kama misitu na malisho. Hakukuwa na jela. Aliyekosa alitozwa faini ya kondoo, mbuzi au fahali, na ng'ombe huyo akaliwa na watu pamoja ili ugomvi uishe. Kesi ikiwa ngumu, hasa ya mpaka wa shamba, wenye ugomvi walikula kiapo cha 'nthenge', yaani cha beberu. Kiapo hicho kingali kinatajwa katika kesi za ardhi hadi leo. Wengine watasema huo ni ushirikina. Sitaki kubishana nao hapa. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba jamii nzima ilikubaliana kuwa uongo ni jambo la kuogopwa. Siku hizi mtu anaapa mahakamani asubuhi, na jioni anawasimulia rafiki zake jinsi alivyomdanganya hakimu!

Kwa wanachama wa chama chetu cha Kiswahili nina jambo la kuwafurahisha. Masimulizi ya Ameru yanasema asili yao ni mahali panapoitwa Mbwaa, huko pwani, na kwamba walikimbia utumwa wa watu walioitwa Nguo Ntune. Msomaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani hapo: ni nguo nyekundu. Tena Mwingereza H. E. Lambert, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Meru katika miaka ya 1930, ndiye aliyesisitiza kwamba serikali ya kikoloni ifanye kazi na Njuri badala ya kuipuuza. Lambert huyo huyo baadaye akawa mtaalamu wa lahaja za Kiswahili, akaandika juu ya Kivumba, Chichifundi, Chijomvu na Kingare katika miaka ya 1950. Kwa hivyo asiseme mtu kwamba mambo ya Meru na mambo ya Kiswahili hayakutani.

Sasa tuje kwenye jambo zito. Waingereza walifungua kituo chao Meru mwaka wa 1908. Walikuta utaratibu upo tayari, na kila walipotaka kitu kifanyike haraka walijaribu kuutumia. Mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, wazee wa Njuri walikutana na kupiga marufuku tohara ya wasichana katika Meru. Kwa fikira zetu za leo, uamuzi ulikuwa mwema. Ni desturi iliyodhuru wanawake, na mimi nashukuru kuzaliwa wakati ambapo ni hatia. Lakini sikilizeni kilichotokea. Wasichana wengi walikataa amri ile, wakaenda kufanyiana wenyewe kwa siri. Waliitwa 'Ngaitana', maana yake 'nitajitahiri mwenyewe'. Katika miaka mitatu iliyofuata, watu zaidi ya 2,400, wasichana, wanaume na wanawake, walishtakiwa katika mahakama za Kiafrika kwa kuvunja amri hiyo.

Kwa nini amri njema ilikataliwa namna ile? Nimelifikiria sana swali hili. Jibu ninaloliona ni kwamba amri ilihusu miili ya wasichana lakini wasichana na mama zao hawakuulizwa. Na hapa ndipo wale wanaosema 'mila zetu haziwapi wanawake nafasi' wanapokosea, pamoja na wale wazee wanaowaunga mkono. Ameru walikuwa na baraza la wanawake lililoitwa 'kiama gia ntonye'. Mambo ya wasichana yalikuwa chini ya baraza hilo. Wazee wa 1956 walipoamua peke yao huku serikali ya kigeni ikiwasukuma, hawakuwa wanafuata mila. Walikuwa wanairuka! Lau kama akina mama wa ntonye wangeketi, wakaelezwa, wakabishana na kukubali, huenda maelfu ya wasichana wangeepushwa na maumivu.

Marufuku yenyewe ilikuja tena baadaye, kupitia Bunge. Sheria ya Watoto ya 2001 ililinda watoto, na sheria ya mwaka 2011 ikakataza ukeketaji kwa wanawake wa umri wowote. Mwaka wa 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la kutaka sheria hiyo ifutwe. Safari hii wanawake wenyewe walikuwa mstari wa mbele kuitetea. Mnaona tofauti?

Mila ya pili ninayotaka kuigusa ni ya wavulana, kwa sababu hii inatuhusu sisi wote hapa shuleni. Zamani mvulana wa Kimeru alitahiriwa akiwa kijana mkubwa, mara nyingi mkubwa kuliko sisi wa kidato cha tatu. Baadaye aliishi 'gaaru', nyumba ya mashujaa, pamoja na rika lake. Huko alifundishwa kuvumilia, kutii, kulinda mifugo na kutomwaibisha mzazi. Ilikuwa shule ya miaka, na wazee walikuwa wakiichungulia.

Siku hizi je? Gaaru hakuna. Kuna likizo ya Desemba, chumba cha mabati nyuma ya nyumba, na majuma machache tu. Wazee wako shambani au kazini. Anayemfundisha kijana ni nani? Ni yule jirani aliyetoka jandoni mwaka juzi, ambaye yeye mwenyewe hakufundishwa. Anakuja na rundo la miraa na chupa mfukoni, anadai kuku na pesa, na asipopewa anampiga mgonjwa. Somo kubwa analompa ni hili: 'Wewe sasa ni mwanamume, usitumwe na mwanamke.' Januari shule zinafunguliwa, na tunayaona matunda. Mvulana aliyekuwa akiongoza katika usafi anakataa kushika ufagio. Mwalimu wa kike akimwita, anajifanya hasikii. Nyumbani mama yake akimwomba amletee maji, anasema hiyo ni kazi ya wavulana wadogo. Mwishoni mwa mwaka huu ndugu yangu mdogo ataingia jandoni. Ni mtoto mpole anayenisaidia kukama ng'ombe kila asubuhi kabla hatujatoka mbio kuja shule. Nashindwa kulala nikifikiri ni ndugu yupi atakayerudishwa kwetu.

Hata hiyo miraa nayo inasingiziwa mila. Kweli, ni mti wa heshima kwetu. Fungu la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba lilipelekwa nyumbani kwa msichana wakati wa posa, na wazee waliitafuna wakiamua kesi. Ni biashara pia inayolipa karo za wengi hapa, na Uingereza ilipoipiga marufuku mwaka wa 2014, Igembe na Tigania zililia. Lakini mila iliiweka mikononi mwa wazee. Mtoto wa shule kuitafuna usiku kucha kisha asinzie katika somo la hesabu si mila ya mtu yeyote.

Msidhani natia chumvi ninaposema dharau kwa wasichana ni hatari. Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya St. Kizito huku Tigania, wavulana waliokuwa katika mgomo walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa na wengi wengine wakadhulumiwa. Sisemi jando ndilo lililoleta msiba ule. Ninasema kwamba mvulana asipofundishwa na mtu mzima kwamba nguvu ni za kulinda, atajifundisha mwenyewe namna nyingine ya kuzitumia.

Basi wengine watasema dawa ni kuachana na haya yote. Mtoto apelekwe hospitali, atahiriwe, arudi nyumbani, yaishe. Ninaheshimu wazo hilo, na kwa habari ya kisu kisafi ninakubali asilimia mia moja. Makanisa mengi nayo siku hizi huwaweka wavulana pamoja na kuwapa mafunzo, na hayo ni mema. Lakini mtoto bado atatafuta wa kumwambia 'sasa umekuwa mtu mzima'. Wazee wakinyamaza, atasikiliza watu wa kituo cha boda boda. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ikiwa jando limeharibika, na litengenezwe na wenye ujuzi.

Ni wakati huu ambapo tunaihitaji Njuri kuliko wakati mwingine wowote, na ni wakati huu ambapo tunaisikia zaidi katika siasa. Uchaguzi ukikaribia, utasikia wazee hawa wamemvika mgombea mmoja vazi la heshima. Kesho yake wazee wengine wanasema wale wa jana si Njuri halisi. Sasa sisi vijana tumheshimu nani? Penye wazee haliharibiki neno, lakini mzee akigombaniwa na magari ya kampeni, neno lenyewe litasimama wapi? Naandika haya kwa adabu. Sisi ni wajukuu wao, na mjukuu anaruhusiwa kumwuliza babu yake.

Katiba ya 2010 haikuwasukuma wazee kando. Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Kifungu cha 159 kinaiagiza mahakama ikuze njia za jadi za kusuluhisha ugomvi, mradi zisivunje haki za binadamu. Kifungu cha 44 kinasema mtu asilazimishwe kutimiza mila asiyoitaka. Mkiyaweka matatu hayo pamoja mtaona kwamba mlango uko wazi kwa mila inayolinda, na umefungwa kwa mila inayoumiza.

Kwa maoni yangu, masharti ya kuhifadhi ni matatu. La kwanza, wazee warudi jandoni. Kila mvulana awe na msimamizi mtu mzima anayejulikana na wazazi, na mwenye kupiga au kulewesha watoto atozwe faini ya wazi, kama zamani. La pili, baraza la akina mama lifufuliwe, na jambo lolote linalohusu wasichana lisiamuliwe bila wao. La tatu, Njuri ikae mbali na kampeni, ili neno lake liwe na uzito pale damu inapotaka kumwagika. Haya yote hayahitaji fedha kutoka nje. Wazee hawa waliwahi kutoa ardhi huko Nchiru ambako sasa kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru. Walioweza kuona umuhimu wa elimu kiasi hicho hawawezi kushindwa kumtazama mvulana mmoja kwa majuma matatu.

Nanyi wavulana wenzetu, mtakaporudi Januari, kumbukeni kwamba shujaa wa gaaru alipimwa kwa utiifu wake. Kufagia darasa hakumpunguzii mtu uanaume. Kumwitikia mwalimu wa kike ni kumheshimu mama yako, na mila gani iliwahi kukukataza kumheshimu mama?

Kwa walimu wetu, ninaomba siku moja mwaalike mzee wa Njuri na mama mmoja wa makamo waje kuzungumza na chama hiki, kwa Kiswahili, nasi tuulize maswali bila kuogopa. Tukizijua mila zetu, ndipo tutakapoweza kuzichagua.