Kichwa cha Mvuke Ndani ya Kompyuta

Katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi vimesimama vichwa viwili vikubwa vya garimoshi, vilivyokuwa vikiendeshwa kwa nguvu za mvuke. Kimoja, nambari 5918, kilipewa jina la Mlima Gelai. Cha pili, nambari 5930, jina la Mlima Shengena. Milima yote miwili iko Tanzania. Vichwa hivyo ni masalio ya kundi la vichwa 34 vya aina ya 59, vilivyoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock ya Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1955 na 1956, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kufikia mwaka 1980 vyote vilikuwa vimeondolewa kazini. Viwili vikahifadhiwa, vingine viliishia kuwa chuma chakavu.

Hivi leo vichwa vya namna hii huundwa upya, si katika karakana, bali ndani ya kompyuta. Modeli ya kidijitali huweza kuzungushwa, kufunguliwa na hata kuendeshwa juu ya reli ya kubuni. Swali la kisayansi ni hili: je, modeli hiyo ni picha ya kufurahisha macho tu, au ni elimu iliyohifadhiwa?

Tatizo la njia nyembamba

Umbali kati ya reli mbili za njia huitwa geji. Geji iliyoenea zaidi duniani ni milimita 1,435. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ilikuwa na geji ya milimita 1,000 tu. Njia nyembamba hugharimu fedha chache, na huweza kupinda kwa urahisi kandokando ya vilima. Lakini njia hiyo humbana mhandisi. Katika kichwa cha kawaida, boila na tanuri hukaa juu ya magurudumu au katikati yake. Hivyo njia ikiwa nyembamba, ni vigumu kupata tanuri pana. Na bila ya tanuri pana hapana mvuke wa kutosha kupandisha mzigo mzito kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu yake.

Mwingereza Herbert William Garratt aliomba hataza ya ufumbuzi wa tatizo hilo mwaka 1907. Badala ya mtambo mmoja wa magurudumu aliweka miwili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Boila aliiweka juu ya kiunzi kilichovuka nafasi iliyo kati ya mitambo hiyo, mithili ya daraja juu ya nguzo mbili. Chini ya boila hapakuwa na magurudumu, kwa hiyo iliweza kuwa nene na tanuri likawa pana. Kila mtambo uligeuka juu ya egemeo lake na kufuata kona ya njia. Boila ya aina ya 59 ilikuwa na kipenyo cha mita 2.29, zaidi ya mara mbili ya geji yenyewe. Kichwa kizima, pamoja na maji na mafuta yake, kilikuwa na uzito wa zaidi ya tani 250. Hakuna kichwa cha mvuke kilichopata kuwa kikubwa au chenye nguvu zaidi ya hicho katika reli ya mita moja.

Kutoka chuma hadi tarakimu

Kazi ya kuunda modeli huanza kwa kupima. Njia moja ni kupiga picha nyingi kutoka pande zote, kisha kompyuta hulinganisha alama zinazoonekana katika picha zaidi ya moja na kukokotoa mahali pa kila alama. Njia nyingine ni kutumia miali ya leza, ambayo hupima umbali hadi kwenye uso wa kitu. Matokeo yake ni wingu la nukta, na nukta hizo huunganishwa kwa pembetatu ndogondogo hadi umbo likamilike.

Hata hivyo, kamera na leza huona ngozi tu. Mabomba ya ndani ya boila na njia za mvuke hufichwa na chuma. Hapo ndipo michoro ya kiwandani inapohitajika. Kampuni ya Beyer, Peacock ilifungwa mwaka 1966, lakini kumbukumbu zake zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda mjini Manchester.

Wakati mwingine mchoro na kipimo hupingana. Kwa mujibu wa mchoro, gurudumu la kuvutia la aina ya 59 lina kipenyo cha milimita 1,372. Gurudumu lililofanya kazi miaka mingi huwa limelika, kwa hiyo kipimo chake halisi huwa pungufu. Hakuna lililo la uongo kati ya hayo mawili: mchoro hueleza kichwa kilivyozaliwa, na kipimo hueleza kilivyostaafu. Ni juu ya mwenye kuunda modeli kusema ni kichwa cha wakati gani anachokionyesha.

Sauti itokanayo na hesabu

Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Gurudumu lenye kipenyo cha mita 1.372 huenda mita 4.31 kwa kila mzunguko. Kila mtambo una silinda mbili, na katika kila silinda mvuke husukuma pistoni kwa pande zote mbili, kwa zamu. Kwa hiyo kila mzunguko hutoa mipumuo minne ya mvuke. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, mtambo mmoja hupumua karibu mara nane kwa sekunde.

Sasa, mitambo miwili ya Garratt haikuunganishwa kwa fito. Kila mmoja ulizunguka peke yake. Ichukuliwe kwamba magurudumu ya mbele yamelika hata kipenyo chake kikapungua kwa asilimia moja kuliko ya nyuma. Magurudumu ya nyuma yakizunguka mara 100, ya mbele yatazunguka mara 101 hivi. Basi mipumuo ya mitambo hiyo itapatana, itaachana, kisha itapatana tena kila baada ya mizunguko 25, yaani kila mita 108, au sekunde 13 kwa mwendo uliotajwa. Wenye modeli ambao huifunga mitambo yote miwili katika mdundo mmoja hupata picha nzuri yenye sauti isiyo ya Garratt.

Kinachojulikana na kinachokisiwa

Hapa jibu la swali la awali linapatikana. Modeli huwa elimu pale inapokubali kupimwa: vipimo vyake vinapoweza kukokotolewa, na matokeo yake kulinganishwa na mambo yalivyokuwa. Modeli ya kweli hutenganisha wazi sehemu zilizopimwa, zilizotolewa katika michoro, na zilizokisiwa. Kisio si aibu. Aibu ni kulipaka rangi ile ile ya ukweli.

Tena kuna elimu isiyomo katika mchoro wala katika leza: jinsi dereva alivyofungua mvuke kwenye mwinuko wakati reli imelowa, au jinsi fundi alivyotambua hitilafu kwa kusikiliza tu. Elimu hiyo imo vichwani mwa wazee waliofanya kazi hizo, na vichwa vyao havikai katika makumbusho. Shule zilizo karibu na stesheni na karakana za zamani zinaweza kuanza bila ya kompyuta yoyote. Utepe wa kupimia, daftari, na saa moja ya kumsikiliza mzee wa reli ni vifaa vya kutosha. Chuma cha Gelai na Shengena kitasubiri. Mzee huyo huenda asisubiri.