Lubega Juu ya Boda

Ukishuka Segera, pale njia moja inapokata kwenda Tanga na nyingine inapanda Korogwe mpaka Moshi, cheki masela wa Kimasai wanavyotupia. Shuka moja fundo begani, la pili linakatiza kifuani, mkanda umebana kiuno, sime ubavuni, chini katambuga za tairi. Halafu mchizi anapanda boda. Kabla hajawasha anakusanya pindo lote na kulikalia, maana likidakwa na mnyororo, luku yote inaishia kwenye lami. Hiyo ni lubega ya mishe, siyo ya kupigia picha na watalii.

Handeni hiyo pamba ni ya kitambo. Wakwavi, ndugu zao Wamasai, wameishi na Wazigua miaka na miaka, na Juni 2022 familia za kutoka Ngorongoro zilianza kuhamishiwa Msomera, humo humo Handeni. Siku ya mnada ni nyekundu na bluu tupu.

Sasa kuna wabishi wa kijiweni: eti kanga si asili, dera ndiyo kabisa, cha asili ni shuka tu. Wanazingua. Kabla ya shuka, Wamasai walitupia ngozi. Wazigua na Wasambaa nao walivaa vitambaa vya safari ndefu: merikani ya viwanda vya Massachusetts na kaniki ya India, vyote vilishushwa pwani vikapanda bara na misafara. Na kaniki haijachuja hadi leo. Mganga wa Handeni akikupokea na jinzi, si utadai hela yako?

Serikali nayo iliwahi kukaza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 iliendesha kampeni ya kuwavua Wamasai lubega na kuwavalisha suruali. Unaona mwenyewe nani kashinda.

Kwenye hii ishu ya nguo za asili, mambo ya China ndiyo yanachekesha. Mwaka 1968 kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Dar kwa msaada wa Wachina, kikatuchapia kanga na vitenge. Wakati huo kwao hanfu, majoho yao ya asili ya mikono mipana, ilishapotea mitaani karne nyingi. Mpaka 2003 mwana mmoja, Wang Letian, akazama mtaani Zhengzhou kaivaa, watu wakabaki wanamkodolea. Leo madogo wa kule wanaitinga hadi kwenye treni, na wilaya ya Caoxian, Shandong, ni chimbo zima la kuzishona.

Kwa hiyo ukitaka kushonewa koti la shuka, usibishane asili na fundi wa Manundu, Korogwe. Kamata kitambaa, kifinye: kikiwa cha akriliki, joto la Korogwe litakupika mchana kweupe. Chukua cha pamba. Koti zito waachie wana wa baridi ya Lushoto.