Sifuri ya Simu Haisemi Yote

Mwanafunzi hushtuka akiona 3 − 5 ubaoni, kwa kuwa tangu madarasa ya chini ameambiwa kikubwa hakitoki kwa kidogo. Lakini watu wazima wa Kitale na Bungoma, nchini Kenya, hufanya hesabu hiyo kila siku. Tangu Fuliza, huduma ya kukopa kwenye pesa za simu za M-Pesa, ianze mwaka 2019, mtu asiye na kitu kwenye M-Pesa anaweza kulipia unga wa shilingi 300, kisha simu ikamwandikia salio 0. Jirani yake ambaye hajakopa naye ana 0. Je, wako sawa? Hata kidogo. Kila mmoja akitumiwa 500, jirani hubaki na 500, aliyefuliza hubaki na 200, tukiweka ada kando. Basi alikuwa kwenye −300, na nambari hasi inaeleza hali yake kwa ukweli kuliko ile sifuri. Angetumiwa 200 pekee, angekuwa kwenye −100: pesa zimeingia na bado yuko chini.

Atatokea wa kupinga: nani amewahi kupakia magunia −3 ya mahindi kwenye lori? Hakuna, na wanahisabati wengi wa Ulaya walizishuku nambari hizi kwa karne kadhaa kwa hoja ya namna hiyo, ingawa Brahmagupta wa India aliandika kanuni zake mwaka 628, akiita chanya mali na hasi deni. Hoja hiyo inasahau kwamba nambari haihesabu vitu tu. Hutaja pia umbali na upande kutoka mahali tulipopafanya sifuri. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma karibu 1,400. Ukianzia Kitale kupima, Bungoma ni −500 bila kuzama majini. Ukianzia Bungoma, Kitale ni 500. Milima haijasogea, ni sifuri iliyohama.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni hasi mara hasi kuwa chanya, na ni makosa kuwaambia wakariri tu. Mkulima ana madeni matatu ya shilingi 200 kwenye duka la pembejeo, yaani yuko kwenye −600. Mwenye duka akiyafuta yote, ameondoa −200 mara tatu, yaani −3 × −200. Ni kweli hakuna noti iliyoingia mfukoni, lakini kutoka −600 hadi 0 ni kupanda kwa 600. Mwalimu, anza na deni hilo ubaoni, uwaulize wanafunzi mkulima amepata nafuu kiasi gani, kabla ya kuwapa kanuni.